Uzi: Timu nusu ofisini, nusu nyumbani kwenye kampuni za utalii Arusha na Moshi. Kazi inakwama wapi?

#1 Mpanga Ratiba

Wakuu, salaam.

Swali hili hurudi kila msimu unapokaribia. Kampuni ina watu kumi na wanne: wanane wako ofisini Arusha mjini, sita wanafanyia kazi nyumbani, mmoja Njiro, wawili Usa River, watatu Moshi. Kila mtu anajua kazi yake. Hata hivyo mgeni anatumiwa bei mbili tofauti siku moja, ada ya hifadhi inalipwa mara mbili au hailipwi kabisa, na lawama zote zinawaangukia "wale wa nyumbani". Naweka hapa namna ya kuipanga, wajuzi mtajazia nyama.

Tuanze na chanzo, maana wengi wanakimbilia kusema ni uvivu. Ofisini kazi husafiri kwa mdomo. Dereva anaingia kuchukua funguo, anasema barabara fulani imeharibika kwa mvua. Meneja, akiwa amesimama na kikombe cha chai, anajibu: basi wale wa Jumamosi waanze na Tarangire. Watu watatu wamesikia. Mwenye faili la wageni hao yuko Usa River, hajasikia kitu, na saa mbili baadaye anawatumia ratiba ya zamani. Ukitafuta mvivu hapo humpati. Habari iliishia mezani, basi.

Dawa ni jedwali moja ambalo wote wanalifungua, lenye safu sita tu: namba ya safari, mwenye faili, hatua iliyofikiwa, kinachosubiriwa, anayesubiriwa, mwisho. Mfano wa mstari mmoja:

0417 / Moshi-2 / bei imekubaliwa, malipo ya awali yameingia / ada ya Ngorongoro ilipwe / mhasibu / Alhamisi saa 10

Safu inayobeba mzigo wote ni ya tano. "Anayesubiriwa" lazima awe mtu mmoja. Siyo "ofisi", siyo "wahusika". Ofisi haina simu, na wahusika hawajawahi kulipa ada ya hifadhi. Kazi nyingi hazikwami kwa sababu mtu amekataa kuzifanya. Zinakwama kwa sababu watu wawili wanasubiriana, kila mmoja akiamini mpira uko kwa mwenzake. Mkiwa chumba kimoja mtagundua kwa kutazamana. Mmoja akiwa Moshi hamgundui mpaka mgeni apige simu.

Sheria zinazolinda jedwali ni mbili.

Ya kwanza: aliyebadilisha jambo kwa mdomo ndiye anayeliandika, kabla dereva hajatoka mlangoni. Msimwachie aliyesikia, maana waliosikia ni watatu na kila mmoja atadhani mwenzake ameshaandika.

Ya pili: kundi la WhatsApp ni kengele, si faili. Ujumbe unaofaa ni "0417 imebadilika, fungua jedwali". Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hautafutiki baada ya wiki. Anayetuma sauti aweke chini yake mstari mmoja wa maandishi wenye namba ya safari.

Mwisho ni makabidhiano ya zamu. Kama kuna mtu wa jioni anayejibu wateja wa Marekani, anamwachia wa asubuhi mistari michache namna hii:

"0417: ameuliza kama mtoto wa miaka 4 analipiwa hifadhini. Nimemjibu walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio. Hajathibitisha.
0422: kambi imejaa tarehe 9. Nimeomba kambi ya pili, wameshikilia nafasi mpaka kesho saa 6 mchana.
0425: hakuna jipya, msiiguse.
Nimefunga saa 4 usiku."

Hiyo "msiiguse" ni muhimu kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, wa asubuhi anaona faili kimya, anadhani limesahaulika, anamwandikia mgeni ambaye alishaomba aachwe afikiri.

---

#2 Chekeche

Mkuu, uzi mzuri, ila "Alhamisi saa 10" ni ipi? Jioni, au saa nne asubuhi kwa kalenda ya simu?

Nauliza kwa makusudi. Timu inayokaa pamoja haipotei hapa kwa sababu mtu anaona wenzake wanainuka kwenda kikaoni. Ukiandika kwenye jedwali "kikao saa 9", aliyezoea saa za Kiswahili anajiandaa kwa mchana, na aliyeingiza kwenye kalenda ya simu amewekewa saa tatu asubuhi. Wote wawili wako sahihi. Andika tarakimu za saa 24 kila mahali penye maandishi, 09:00 au 15:00, na mkizungumza semeni Kiswahili kama kawaida. Ukiona tarakimu mbili, nukta mbili na sifuri, hiyo ni saa ya kalenda. Hakuna mjadala.

La pili ni saa za wateja. Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha. New York iko nyuma yetu saa 8 wakati wa baridi yao na saa 7 wakati wa joto. London ni 3 na 2. Marekani wanasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza na Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kwa hiyo kuna wiki mbili hadi tatu za Machi ambapo New York wameshabadili na London bado. Mwisho wa Oktoba inatokea tena kwa wiki moja, safari hii Ulaya wakitangulia. Miadi ya simu inayojirudia kila wiki huharibika hapo. Miadi ya mteja iwekwe kwenye kalenda kwa saa za mji wake, kalenda ndiyo ihesabu ya kwetu.

---

#3 Jiwe la Meru

Hizi safu sita zote za nini? Rudisheni watu ofisini, kazi zitaisha. Mtu akiwa nyumbani anapika, anafua, anapokea wageni. Utamsimamiaje usiyemwona?

---

#4 Mpanga Ratiba

Chekeche, nimekukubali. Ile ilikuwa 16:00. Nimeiacha hapo juu ionekane.

Jiwe la Meru, hoja yako ina ukweli nusu. Zipo kazi zisizotoka ofisini hata ukitaka: mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi iko mezani, muhuri uko kwenye droo, fedha taslimu, funguo za magari, vocha za kambi ambazo dereva anataka karatasi mkononi, na mgeni anayeingia na begi mgongoni akiuliza Kilimanjaro ni siku ngapi. Hizo zina mahali pake.

Lakini bei za safari, kuomba nafasi kwenye kambi, kujibu barua pepe, kuandaa ankara, hazina mahali. Na mteja wa New York anapofungua kompyuta yake saa 09:00, huku ni 16:00 au 17:00. Ukimlazimisha mjibuji akae ofisini mpaka 22:00 utahitaji mlinzi, taa na usafiri wa kumrudisha Moshono usiku. Nyumbani hahitaji.

Kosa ni kugawa kwa watu, "fulani ni wa nyumbani, fulani ni wa ofisini", kabla ya kugawa kazi. Andika kazi zote za wiki kwenye karatasi, kila moja uiulize swali moja: inahitaji mkono wa mtu kugusa kitu kilichomo ofisini? Ikiwa ndiyo, ni ya ofisini. Ikiwa hapana, inaweza kwenda popote. Utashangaa kwamba karibu kila mtu ana mchanganyiko, ndipo siku mbili ofisini na tatu nyumbani zinapopata maana badala ya kuwa zawadi kwa wapendwa.

Kumsimamia usiyemwona: msimamie kwa mstari wake kwenye jedwali. Safu ya "mwisho" ikipita na rangi ikawa nyekundu, umemwona.

Mgeni kazini ni habari nyingine. Wiki nne za kwanza akae ofisini kila siku. Akiwa peke yake nyumbani haulizi, anaona aibu kupiga simu kwa jambo dogo, na jambo dogo kwenye bei ya safari ni usiku mmoja wa kambi uliosahaulika.

---

#5 Fundi Waya

Naingia upande wa umeme na mtandao, maana jedwali halifunguki gizani.

Wengi wananunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta wakisoma "8,800 mAh" wakadhani ni siku nzima. Namba hiyo hupimwa kwenye seli za volti 3.7, siyo volti 12 zinazotoka. Piga hesabu: 8.8 × 3.7 ni kama wati-saa (Wh) 32.5. Toa hasara ya kubadilisha volti, unabaki na Wh 27 au 28. Ruta inayokula wati 12 itakaa zaidi kidogo ya saa mbili. Kama una faiba, kuna vifaa viwili, kile kiboksi cha faiba chenyewe na ruta, pamoja wati 18 hivi. Hapo ni saa moja na nusu. Watu huunganisha ruta tu, wakakuta WiFi inawaka lakini intaneti haipo. Kiboksi kimezimika.

Kabla ya kununua, geuza adapta usome: volti ngapi, ampea ngapi. Ruta nyingi ni 12V, zipo za 9V. Ukichomeka 12 kwenye ya 9 unaweza kuiunguza. Na pini iwe saizi ileile, ya kawaida ni milimita 5.5 kwa 2.1.

UPS kubwa ya ofisini ya 650VA ina betri moja ya volti 12, ampea-saa 7. Kwa kompyuta ya mezani na skrini yake hiyo ni dakika kumi, kumi na tano. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kuhifadhi na kuzima, siyo kuendelea kufanya kazi. Na printa ya leza isiguse UPS kabisa: inapopasha moto rola yake inavuta umeme mwingi ghafla, UPS inapiga kelele na kuzima kila kitu, pamoja na ankara ambayo haijahifadhiwa.

Kwa wa nyumbani, mpe laptopu, siyo kompyuta ya mezani. Betri nzima inambeba saa tatu nne.

Njia ya pili ya mtandao iwe kampuni nyingine, siyo laini mbili za kampuni moja. Mnara mmoja ukizimika zote mbili zinaondoka. Wa nyumbani ajaribu hotspoti ya simu mara moja kwa mwezi kabla haijahitajika, na kompyuta iambiwe kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo, Windows itaanza kujisasisha kwa bando la simu na kula GB kadhaa ukiwa katikati ya kikao. Kikao cha video cha kundi hupita GB 1 kwa saa kwa urahisi. Sauti tupu haifiki MB 100. Kwa hiyo siku ya hotspoti, kamera zizimwe.

Bando alipe nani? Alipe mwajiri, kwa kiwango kimoja cha mwezi kilichoandikwa. Kudai risiti za vocha kila wiki ni kazi ya mhasibu isiyo na faida.

---

#6 Afisa Utumishi

Nyama ya kisheria, kwa kuwa zamu ya jioni imetajwa kirahisi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haitofautishi sebule na ofisi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu, na zisipite 50 katika mzunguko wa wiki nne. Baada ya saa 5 mfululizo kuna mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kati ya 20:00 na 06:00 ni kazi ya usiku, na kila saa yake inaongezwa asilimia 5 ya ujira wa msingi.

Tuhesabu. Mshahara wa msingi 900,000, zamu ya 13:00 hadi 22:00 yenye saa moja ya mapumziko, siku tano, yaani saa 40 kwa wiki. Gawa 900,000 kwa 4.333 upate wiki: 207,708. Gawa kwa 40: kama 5,193 kwa saa. Asilimia 5 yake ni kama 260. Saa mbili za usiku kwa siku 22 ni saa 44, jumla 11,400 na ushei kwa mwezi. Ni hela ndogo, ndiyo maana waajiri wanaidharau, na ndiyo maana inaumiza ikidaiwa ya miaka mitatu kwa watu wanne mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kubwa zaidi, na wengi hawaijui, ni mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza na kuanza tena. Aliyefunga 22:00 haitwi kwenye kikao cha 08:00. Hata ukimwambia "ingia tu dakika kumi na tano usikilize", umemuita kazini. Kikao cha timu kiwe 14:00: wa asubuhi bado wapo, wa jioni wameshaingia.

Pia mahali pa kazi ni moja ya mambo ambayo maelezo ya maandishi ya ajira yanatakiwa kuyataja. Umempeleka mtu nyumbani kwa maneno? Shauriana naye, rekebisha maandishi, mpe nakala. Pasipo maandishi, mzozo ukitokea mzigo wa kuthibitisha unakuwa kwako mwajiri. Andika: siku za nyumbani, siku za ofisini, nani mwenye kompyuta, nani analipa bando, na taarifa ya siku ngapi ikitakiwa arudi ofisini moja kwa moja. Msimu wa Juni hadi Oktoba ukihitaji watu wengi mezani, iandikwe mapema kwenye hati hiyo, siyo kwenye WhatsApp tarehe 30 Mei.

---

#7 Binti Kiborloni

Asanteni. Wa Moshi tunaomba mtuangalie kwenye vikao. Wa ofisini wanakaa wanane mbele ya kompyuta moja, sisi tunasikia mwangwi na kucheka kwa mtu tusiyemjua. Na ile siku ya wote kukutana ofisini, kwa nini huwekwa Jumatatu 08:00?

---

#8 Fundi Waya

Maiki ya laptopu inamsikia vizuri aliye ndani ya mita moja. Wa tatu mezani tayari ni mwangwi, hasa chumba kikiwa na vigae, vioo na hakuna pazia. Chagueni moja kati ya njia mbili.

Njia ya bei nafuu: kila mtu aingie kikaoni kwa kompyuta yake na visikilizi masikioni, hata kama wamekaa bega kwa bega. Wote maiki zimezimwa, anayesema ndiye anawasha. Ukiacha mbili wazi kwenye chumba kimoja bila visikilizi, spika ya hii inaingia kwenye maiki ya ile, sauti inazunguka mpaka inapiga yowe.

Njia ya pili: kifaa kimoja cha mkutano chenye spika na maiki za pande zote, kikae katikati ya meza, na kompyuta nyingine zote chumbani zizimwe sauti na maiki, zote mbili. Kuzima maiki peke yake hakutoshi.

Na mwendesha kikao aanze na wa mbali kwa majina, kabla ya kuuliza chumba. Ukiuliza "kuna mwenye swali?" wa chumbani watajibu kwanza siku zote, kwa sababu wa mbali wana ucheleweshaji wa nusu sekunde na wanaogopa kuingiliana.

---

#9 Mpanga Ratiba

Binti Kiborloni, kuhusu siku ya kukutana: Moshi mpaka Arusha ni kilomita 80 tu kwenye ramani, lakini kuna vibao vya 50 kuanzia Boma Ng'ombe mpaka Usa River, tochi za trafiki na foleni ya kuingia mjini. Weka saa mbili kila upande. Kikao kikianza 08:00, mtu anaamka saa kumi alfajiri. Iwe Jumatano, 10:30 hadi 15:00, nauli ilipwe siku hiyohiyo. Jumatatu ina barua pepe za wikendi nzima, na Ijumaa mchana kuna swala.

Na siku hiyo msiitumie kukaa kila mtu na kompyuta yake kimya, hilo wangefanya nyumbani. Itumieni kwa yale yanayoshindikana kwa simu: kupitia malalamiko ya wageni na madereva wakiwepo, kumfundisha mpya, kufungua ramani na kubishana.

---

#10 Mhasibu wa Sakina

Naongeza upande wa fedha na nyaraka, kwa kifupi kadiri niwezavyo.

Kontroo namba, ile namba ya kulipia ada ya hifadhi. Anayeitoa anaweza kuwa nyumbani, anayelipa yuko ofisini au naye nyumbani. Namba ina tarehe ya kufa. Ukiituma kwenye kundi la watu kumi na wanne, wawili wanaweza kuihesabu kwa safari mbili tofauti, au kila mmoja akasubiri mwingine. Iingie kwenye mstari wa safari husika, pamoja na kiasi na tarehe ya mwisho, na safu ya "anayesubiriwa" igeuke kuwa mhasibu. Ikishalipwa, stakabadhi iwekwe hapohapo na jina ligeuke kuwa dereva. Dereva asiondoke kuelekea lango la hifadhi mpaka aone faili hilo kwenye simu yake, maana njiani kuna sehemu hakuna mtandao.

Malipo ya benki: anayeandaa asiwe anayeidhinisha. Hilo wote mnalijua. Linaloharibika ni kile kifaa cha kutoa namba za siri kubaki kwenye droo ya ofisi siku ambayo mwidhinishaji yuko nyumbani, kisha mtu mwingine anaombwa "akisome tu". Siku hiyo kanuni yenu imekufa. Kifaa kitembee na mwenyewe.

Barua pepe inayosema kambi imebadilisha akaunti ya benki: piga simu kwa namba iliyo kwenye mkataba wenu, siyo iliyo kwenye barua hiyo. Timu iliyotawanyika ndiyo chakula cha matapeli, kwa sababu mtu hawezi kugeuka na kumuuliza bosi aliye meza ya pili "hii ni wewe kweli?"

Jedwali la Google: msipange kwa kuchagua safu moja. Mtu akipanga tarehe peke yake, majina yanabaki palepale na kila mgeni anahamia kwenye safari ya mwenzake. Fungeni safu za namba na bei zisiguswe isipokuwa na wawili, na kila mtu atumie mwonekano wake wa kuchuja, asiwachujie wenzake. Ikiharibika, rudisheni toleo la awali kwenye historia kabla ya mtu yeyote kuanza "kurekebisha" kwa mkono.

Pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu wewe unayekusanya picha za pasipoti na taarifa za afya za wapanda mlima. Zisikae kwenye simu ya mtu pamoja na picha za harusi. Ziwe kwenye folda moja yenye majina ya wanaoruhusiwa, akaunti zote ziwe na uthibitisho wa hatua mbili, diski ya laptopu ifungwe kwa ufunguo. Mtu akiacha kazi, anaondolewa siku hiyohiyo, siyo mwisho wa mwezi.

---

#11 Mkono wa Ofisi

Mmetetea sana wa nyumbani. Sasa wa ofisini. Kanuni isiyoandikwa ni kwamba aliyepo ndiye anayetumwa. Mgeni kaingia, mpokee. Karatasi imeisha, kanunue. Mletee huyu chai. Peleka bahasha Clock Tower. Jioni jedwali linaonyesha mwenzangu wa Njiro ametoa bei tisa, mimi nne.

---

#12 Mpanga Ratiba

Hoja nzito, na isiposhughulikiwa wa ofisini ndio wanaoanza kuchukia mpango mzima.

Kwa wiki mbili, weka daftari mezani. Kila anayeinuka kwa jambo lisilo kwenye jedwali anaandika dakika na sababu, mstari mmoja. Jumlisha. Kisha tengeneza zamu ya mezani: mtu mmoja kwa nusu siku, 08:00 hadi 12:30 au 12:30 hadi 17:00, ndiye anayepokea wageni, simu na ya kutumwa. Nusu siku hiyo hapewi bei za kutoa na hahesabiwi. Wengine hawaguswi, hata bosi akipita. Na wa nyumbani wakija siku zao za ofisini wanaingia kwenye zamu kama kila mtu.

Kuhusu hesabu ya bei tisa na nne: ukipima idadi peke yake utapata bei nyingi zenye makosa. Pima vitu vitatu pamoja, muda wa jibu la kwanza kwa mteja (saa nne za kazi ni lengo la haki), bei zilizorudishwa kwa kosa, na mistari iliyopita tarehe yake. Programu za kupiga picha ya skrini kila dakika kumi sizipendekezi. Zinakuonyesha nani anajua kusogeza kipanya.

---

#13 Chekeche

Mpanga Ratiba, swali la mwisho kutoka kwangu. Jedwali limekaa vizuri, kila mstari una jina. Baada ya wiki mbili unakuta nusu ya safu ya "anayesubiriwa" imejaa jina la bosi. Mtu wa Moshi hawezi kumgongea mlango. Wa ofisini wanamvizia akitoka kwenye gari.

---

#14 Mpanga Ratiba

Hapo jedwali limefanya kazi yake, limekuonyesha foleni ilipo. Wa ofisini walikuwa wakiipita kwa mlango wa nyuma, wa nyumbani wakibaki ndani yake.

Mwambie bosi achague mistari yake ya mwezi mmoja, aipange kwa aina. Mara nyingi ni aina tatu au nne tu: punguzo, kubadili kambi, kurudisha fedha, gari la kukodi. Kila aina aiwekee mpaka kwa maandishi. Mfano: punguzo mpaka asilimia 5 mwenye faili anaamua, 5 mpaka 10 meneja, zaidi ya hapo ni bosi. Kubadili kambi kwa ya daraja lilelile na tofauti isiyozidi dola 30 kwa mtu kwa usiku, mwenye faili. Namba mtajipangia wenyewe kulingana na faida yenu.

Kwa yanayobaki, bosi ana nyakati mbili za kujibu, 11:00 na 16:30, ndani ya jedwali na si kwa simu. Akiwa mlimani au kwenye ndege, jina la kaimu linaandikwa juu kabisa ya jedwali pamoja na tarehe. Na aliyemvizia kwenye gari akapata jibu, sheria ya kwanza inamhusu: arudi akaliandike.